Beti Tatu za Mtu Mmoja

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, ile inayojulikana kwa jina moja la Eastlands, ni nadra mno kumpata mwimbaji aliyeanza sanaa yake peke yake. Huanza na wenzake wa ploti moja, au wa darasa moja, au wa baze moja, yaani kijiwe cha vijana, wakiwa na umri ambao bado mama zao huwaita kwa sauti waje kula. Hupeana majina, huazimana mistari, hugombania kibwagizo, na siku ya kuingia studio huchangishana nauli na ada ya kurekodi. Kisha, miaka ikishapita na ndevu zikishaota, hutokea mmoja miongoni mwao akaona kwamba ana maneno ambayo kundi haliwezi kuyasema, akatoka. Juu ya kutoka huko watu wamesema mengi, na aghalabu wanayoyasema ni ya lawama: fulani amewatupa wenziwe, fulani amelevywa na sifa, fulani ameharibiwa na fedha. Mimi nataka kulitazama jambo hili kwa upande wa ufundi, maana naamini kwa dhati kwamba kinachomtenga msanii wa kundi na msanii wa peke yake ni utungaji, na kwamba wengi walioanguka baada ya kutoka walianguka kwa sababu waliendelea kuandika kana kwamba wenzao bado wamo chumbani, tayari kuwapokea.

Sababu ya kundi kuwa shule ya kwanza imo katika ujenzi wa mitaa yenyewe. Pumwani ilitengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 iwe makazi ya Waafrika; Kaloleni ikajengwa katika miaka ya 1940; Buruburu na Umoja ni za miaka ya 1970. Nyumba nyingi za mitaa ya zamani zilikuwa ndogo kwa makusudi, kwani serikali ya kikoloni ilimhesabu mkazi wake kuwa mfanyakazi wa kupita, asiye na mke wala watoto mjini; watoto walipokuja wakakuta chumba kimejaa, wakaufanya uwanja kuwa sebule yao. Dandora, ambayo mpango wake ulianza mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilikusudiwa iwe kitu kingine. Watu waligawiwa viwanja takriban 6,000 vyenye maji na choo, na kila mwenye kiwanja akatakiwa ajijengee vyumba mwenyewe kwa kadiri ya uwezo wake. Naye alijenga vyumba vinavyotazamana, akakaa katika kimoja au viwili, vilivyobaki akavipangisha. Ua mmoja, bomba moja, kamba za nguo zinazopishana juu ya vichwa vya watu: kijana akijaribu mstari wake kwa sauti katika ploti ya namna hiyo, husikiwa na jirani anayefua, na mwenye duka aliye dirishani, na mwenzake wa chumba cha pili ambaye hawezi kujizuia asimjibu. Akishamjibu, kundi limekwisha kuzaliwa.

Ndivyo walivyozaliwa, katika miaka ya 1990, vijana watatu wa Dandora waliojiita Kalamashaka: Kama, Oteraw na Johny. Wimbo wao wa Tafsiri Hii ulitoka wakati ambapo wengi katika vijana wa Nairobi waliojaribu hip hop walikuwa wakiiga lafudhi ya Marekani, na ukawadhihirishia kwamba Kiswahili chao cha mtaani, pamoja na Sheng yake, kilikuwa na nguvu na fasaha ya kuibeba sanaa ile bila ya kuomba ruhusa ya mtu. Albamu yao, Ni Wakati, ikatoka mwaka 2001. Kwa kuwa walikuwa wa mtaa na hawakuuhama mtaa, vijana wadogo waliwakusanyikia, wakawa wengi, wakajiita Mau Mau. Nao walipoungana na Ukoo Flani wa Mombasa likapatikana jeshi kubwa la Ukoo Flani Mau Mau, lenye wasanii zaidi ya 20, ambalo sauti zake zinasikika katika Kilio cha Haki ya mwaka 2004 na Dandora Burning ya mwaka 2006. Miongoni mwa vijana hao alikuwamo Julius Owino, aliyezaliwa Dandora mwaka 1984, ambaye wasikilizaji wanamjua kwa jina la Juliani. Yeye ndiye nitakayemshika zaidi katika maelezo haya, kwani sijui mfano ulio bayana zaidi ya wake wa mtu aliyekulia ndani ya kundi, akatoka, na kazi yake ya baada ya kutoka ikawa na sura ambayo kundi lisingeweza kumpa.

Ili tufahamu alichokuwa nacho na alichokikosa, natuupime wimbo kwa saa. Wimbo wa hip hop wenye mwendo wa mapigo 90 kwa dakika, ikiwa ubeti wake ni wa vipimo 16 na kila kipimo kina mapigo manne, huumaliza ubeti huo kwa muda wa sekunde 43 hivi. Ukiwa na beti tatu, na kibwagizo cha vipimo vinane kinachoimbwa mara tatu, wimbo mzima huchukua dakika tatu na sekunde 12. Katika kundi la watu watatu, basi, kila mmoja hubeba sekunde 43 zake, na katika kundi la watu 20 kuna anayesubiri wimbo wa tatu au wa nne kabla ya kupata hizo sekunde. Subira hiyo humnoa. Kijana anayejua kwamba kesho ana nafasi moja tu mbele ya wenzake kumi na tisa, kila mmoja wao akiwa na haja ya kuonekana bora kuliko yeye, hataingia na mstari uliolala. Ataukata, ataugeuza, atautafutia kina kilicho mbali, mpaka sekunde zile 43 ziwe hazina hata neno la kujazia. Kwa hivyo beti za wasanii waliokulia katika makundi ya Dandora na Kariobangi zina msongamano wa maana ambao mara chache utaukuta kwa aliyejifunza peke yake.

Lakini mtu aliyezoea kupiga mbio fupi hana budi kujifunza safari ndefu. Akitoka, sekunde 43 zinakuwa dakika mbili za beti, na juu yake dakika moja nzima ya kibwagizo, na hapana mwenzake wa kuja baada yake kuleta sauti nyingine, hasira nyingine au mzaha. Huko kundini hakuhitaji kuwa na mwanzo, kati na mwisho, kwani mpangilio wa wimbo ulitokana na kupokezana: mmoja akilia, wa pili akitukana, wa tatu akitumaini, msikilizaji akapata safari kamili ya nafsi bila ya mmoja wao kuisafiri yote. Mtungaji wa peke yake analazimika kuwa wote watatu, tena asiwe kigeugeu. Naona hapa ndipo vipaji vingi vya Eastlands vilipozimika: beti tatu zote nzuri, zote za kiwango kimoja cha ukali, hata msikilizaji akifika ubeti wa tatu amekwisha kuchoka wala hajui kwa nini.

Pana jambo la pili, dogo zaidi, nalo ni pumzi. Sikiliza kwa makini rekodi yoyote ya makundi hayo, utasikia kwamba neno la mwisho la mstari aghalabu huimbwa na watu wawili au zaidi. Wenzake mwenye ubeti humwitikia, wakalishika lile neno, naye katika kitambo hicho akavuta hewa. Msanii aliyelelewa hivyo huandika mistari mirefu mno, kwa sababu hajawahi kuhitaji kujipumzisha. Siku akisimama peke yake jukwaani, kufika mstari wa sita sauti imepungua, maneno yanamezana, na hadhira iliyompenda kundini yasema ameshuka. Hajashuka, ameandika kwa mapafu ya watu watatu. Washairi wetu wa pwani walilijua jambo hili zamani, na ndiyo sababu ya mshororo wa mizani 16 kukatwa katikati, nane kwa nane, na utenzi kwenda kwa vipande vya mizani nane nane, ili mwenye kughani apate mahali pa kutua bila ya kuivunja maana. Sidhani kwamba kijana wa Dandora anahitaji kurudi kwenye bahari za mshairi Muyaka, walakini anayetunga kwa ajili ya kinywa kimoja atanufaika sana akiziangalia, ahesabu silabi zake, ajue hewa ataivuta wapi kabla hajaingia studio.

Sasa turudi kwa Juliani. Mtaa Mentality, albamu yake ya kwanza, ilitoka mwaka 2008, akiwa na umri wa miaka 24 hivi, na ukiilinganisha na kazi za Ukoo Flani Mau Mau utaona kwamba jambo kubwa alilolibadili ni mtu anayeambiwa. Nyimbo za kundi zilikuwa ushahidi. Ziliusimamisha mtaa mbele ya mji na kusema: tazameni jaa la taka, tazameni polisi, tazameni njaa, na msemaji alikuwa ni wingi wa watu, hata pale alipotamka kwa sauti ya mmoja. Juliani alimgeukia mtu mmoja. Beti zake zinamsemesha jirani, mara akimhimiza, mara akimuuliza maswali, mara akimchekesha kwa tashbihi zinazofuatana kwa kasi kiasi kwamba ya kwanza huifahamu wakati ya tatu imekwisha kupita. Ushahidi unaweza kusemwa na watu 20, ila mazungumzo hayawezi. Na kwa kuwa aliyachagua mazungumzo, kutoka kwake kukawa na sababu ndani ya sanaa yenyewe. Mtu akiuliza kwa nini alihitaji kuwa peke yake, jibu limo katika beti.

Mabadiliko hayo yaliambatana na imani. Juliani aliingia katika muziki wa injili na kuyafikia makanisa, na wapo mashabiki wa zamani walioona kwamba mwana wa Mau Mau amefugwa. Nayakataa maoni hayo. Pulpit Kwa Street, albamu ya mwaka 2011, imetangaza katika jina lake mwelekeo alioutaka, yaani kutoka mimbarini kwenda barabarani, na lugha aliyoipeleka kanisani ilikuwa ni ile ile ya baze, haikuvishwa kanzu. Wala hakuyaacha mambo ya dola. Julai 2009 Kofi Annan alipomkabidhi Luis Moreno Ocampo, mwendesha mashtaka wa mahakama ya The Hague, bahasha iliyofungwa yenye majina ya watuhumiwa wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa 2007, hapakuwa na kinyozi wala kondakta wa matatu asiyeizungumza. Juliani akaitungia wimbo, Bahasha ya Ocampo, na jambo la magazeti likaingia katika mahadhi ya watu wa kawaida. Kundi lake la awali lingeweza kulifanya hilo pia. Lisingeweza, kwa maoni yangu, kulifanya na hadhira ya namna ile, iliyochanganya waumini wa Jumapili na vijana wa baze, kwa sababu hadhira ya kundi hutafuta kundi libaki vile lilivyokuwa siku ilipolipenda.

Wapo waliotoka kwa njia nyingine. K-South, waliolichukua jina lao kutoka Kariobangi South na kutoa Nairobbery mwaka 2002, walikuwa na Bamboo na Abbas, watunzi wawili walio hodari sawasawa. Hao kila mmoja alikwisha kuwa mtunzi kamili kabla ya kuachana, na kwa hiyo aliyewasikiliza baadaye hakuona pengo. Ethic Entertainment wa Umoja waliufungua mlango wa muziki wa gengetone mwaka 2018 kwa Lamba Lolo, na baada ya miaka michache wanakundi wakaanza kutoa nyimbo kwa majina yao; kwao kazi ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa gengetone imejengwa juu ya fujo ya sauti nyingi zinazodakizana, na ukiiondoa fujo hiyo hukuondoa pambo, umeondoa nguzo. Nje ya Eastlands, Eric Wainaina aliimba na Five Alive katika miaka ya 1990, akaenda Boston kusoma muziki, na Sawa Sawa ya mwaka 2001 ikamdhihirisha kuwa mtunzi mwenye njia yake, mwenye kuweza kuikemea rushwa kwa wimbo wa mtu mmoja ukaimbwa na taifa. Sauti Sol, ambao waimbaji wao walikutana wakiwa wanafunzi wa Upper Hill School, walijaribu kwanza kazi za kila mmoja huku kundi lingali hai, ndipo wakaagana na mashabiki Novemba 2023. Katika njia zote hii ya mwisho ndiyo yenye busara zaidi, ila yahitaji fedha na uongozi ambao kijana wa Kayole hana.

Mfano ulio karibu zaidi na Dandora uko mbali sana kwa masafa. Trench Town ya Kingston ilijengwa na serikali ya Jamaika iliyokuwa chini ya Uingereza katika miaka ile ile ya Kaloleni, nyumba zikizunguka ua mmoja wenye jiko na bomba la pamoja, na katika ua wa namna hiyo Joe Higgs aliwafundisha kuimba kwa kupatanisha sauti vijana waliokuja kuwa The Wailers. Peter Tosh na Bunny Wailer walipoondoka, kati ya 1973 na 1974, jina lilibaki kwa Bob Marley. Yeye hakudhani kwamba sauti yake moja ingetosha mahali palipokuwa na tatu: aliwaweka nyuma yake wanawake watatu, Rita Marley, Marcia Griffiths na Judy Mowatt, wakaifanya kazi ya kuitikia kwa namna mpya. Tosh na Bunny nao, mwaka 1976, kila mmoja alitoa albamu iliyoonyesha alichokuwa amekificha kundini kwa miaka kumi na zaidi. Kijana wa Eastlands anayezisikia nyimbo hizi ndani ya matatu kila asubuhi angefaidi akizisikiliza kwa sikio hilo: nani anaitika, na mwitiko umeandikwa wapi.

Wasichana wana historia tofauti kidogo. Saa za baze ni za jioni na usiku, nazo mzazi wa Jericho au wa Bahati hampi binti yake kwa urahisi. Basi wengi wao kundi lao la utotoni huwa ni kwaya ya kanisa, au ya shule inayojiandaa kwa Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927. Kwaya humfundisha binti sauti na pumzi vizuri kuliko baze, na humfundisha pia utii kwa maneno yaliyotungwa na mwingine. Akitoka, uimbaji haumshindi. Kinachomsumbua ni kuamini kwamba maneno yake mwenyewe yanastahili kuimbwa.

Liko jambo la sheria ambalo siwezi kulipita kimya, kwa kuwa nimeona urafiki wa miaka mingi ukivunjika kwa ajili yake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtungaji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake; na kazi ikiwa ya watungaji wengi pamoja, miaka hiyo huhesabiwa tangu kufa kwa yule wa mwisho wao. Maana yake ni kwamba mtoto aliyechangia ubeti mmoja akiwa na miaka 16 ana fungu ambalo wajukuu wake wanaweza kulirithi. Je, fungu hilo ni kiasi gani? Katika makundi ya mtaani hapana aliyeandika. Aliyetoa biti, aliyetunga kibwagizo, aliyetamka neno moja ambalo ndilo lililowafanya watu waucheze wimbo, wote waliachiana kwa mapenzi. Na siku mmoja alipotoka na kuanza kuziimba nyimbo za zamani kwa malipo, mapenzi yaligeuka madai. Tunao mfano mkubwa katika wimbo wa Malaika, ulioimbwa na Miriam Makeba na Boney M na ukajulikana duniani kote: Fadhili William aliurekodi Nairobi na Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960, na hadi leo wapo wanaosema kwamba mwenyewe hasa ni Adam Salim, na wengine hutaja majina mengine. Karatasi moja yenye majina na mafungu, iliyotiwa sahihi usiku ule ule wa kurekodi, ingetosha. Naihimiza kwa kila kundi la vijana, hata kama wimbo wenyewe hawatarajii uwaingizie kitu.

Zama zetu zimeleta hali ambayo Kalamashaka hawakuijua. Kijana wa Umoja anaweza leo kupakua biti, kurekodi ndani ya kabati la nguo kwa simu yake, na kuutoa wimbo kabla ya jirani kuusikia. Huyu ameanza peke yake; hana kundi la kuliacha. Ameepukana na ugomvi na madai, na amekosa pia wale wenzake kumi na tisa wa kumfanya aukate mstari wake mara tano. Maoni ya watu wasiojulikana hayawezi kuchukua nafasi yao, kwa sababu msifu wa mbali husifu na mtukanaji wa mbali hutukana, na hapana anayekwambia kwamba kina chako cha tatu kimelazimishwa.

Juliani mwenyewe alilijua hilo. Baada ya kupata jina alirudi na wenzake wakaanzisha Dandora Hip Hop City, mahali ambapo watoto na vijana wa mtaa hukutana na kusikilizana. Yaliyofanywa huko na wasanii kwa nguvu zao yangeweza kufanywa na kaunti kwa gharama ndogo mno, kwani kumbi zipo: Kaloleni, Jericho na Bahati zote zina kumbi za kijamii zilizojengwa kwa ajili ya wakazi, nazo nyakati nyingi hukodishwa kwa harusi na mikutano. Jioni mbili kwa juma, mlango ukiwa wazi, spika moja na maikrofoni moja, bila ya kiingilio na bila ya hotuba ya mgeni wa heshima. Kila kijana aimbe beti tatu mbele ya wenzake, akimaliza akae asikilize walivyomsikia.